Cheti cha Fundi Ng'ambo ya Mpaka

Ndugu msomaji, bila shaka katika darasa lenu yumo fundi. Huenda ni mwashi, seremala, mshonaji, mpishi au fundi wa pikipiki. Huenda fundi huyo ni wewe. Kama ni wewe, somo hili ni lako. Kama si wewe, msomee jirani.

Tumchukue fundi mmoja wa mfano. Tumwite Sefu. Sefu ni mwashi wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Mkinga, Mkoa wa Tanga. Hakusomea uashi chuoni. Alipokuwa kijana alimfuata mjomba wake, akichanganya zege na kubeba matofali. Baada ya miaka miwili mjomba alimpa mwiko. Leo Sefu anaijenga nyumba tangu msingi mpaka lenta. Anapiga lipu, anamwaga sakafu, na ukuta wake ukiuwekea timazi hauoni kasoro. Watu wa kijiji hawamwulizi cheti. Wanautazama ukuta, basi.

Mwaka mmoja kazi ilikuwa haba. Sefu alisikia kwamba upande wa Kenya, huko Ukunda na Mombasa, majengo yanapanda kila siku. Akafunga mwiko, timazi na pima maji katika mfuko. Akavuka Horohoro, akapita Lunga Lunga, akafika mahali panapojengwa. Msimamizi akamwuliza:

"Una cheti?"

"Sina," Sefu akajibu. "Lakini nipe ukuta unione."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na watu wengi getini, na hakuweza kumpa kila mmoja ukuta wa kujaribia. Akamwandika Sefu kuwa mtu wa mkono. Kwa Wakenya mtu wa mkono ndiye yule tunayemwita sisi saidia fundi. Basi Sefu, fundi wa miaka 12, akarudi kubeba zege. Malipo yake yakawa ya mbeba zege. Juu ya jukwaa alisimama kijana mmoja aliyekuwa akijenga ukuta uliopinda. Sefu aliuona upindo huo kwa macho matupu, lakini alinyamaza. Kijana alikuwa na cheti.

Msomaji, usiseme upesi kwamba Sefu alionewa. Jiweke mahali pa msimamizi. Ukuta ukianguka ukaua mtu, ataulizwa yeye: "Ulimpa nani kazi hii? Ulijuaje kuwa anaiweza?" Hawezi kujibu kwamba mtu huyo alisema mwenyewe kuwa ni hodari. Kijijini kwenu Sefu ana mashahidi mia. Alipovuka mpaka, mashahidi wote walibaki nyuma. Cheti ni shahidi anayeweza kusafiri. Kinasema: "Sisi tulimpima mtu huyu, tukamwona anafanya kazi hizi na hizi."

Lakini hapa linakuja swali lenyewe la somo letu. Shahidi huyo anaaminiwa na nani? Cheti cha Tanzania kimeandikwa kwa kipimo cha Tanzania. Kwa nini Mkenya akiamini? Na cheti cha Mkenya, kwa nini akiamini Mganda?

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wengine wanakumbuka Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1967. Wakati ule reli ilikuwa moja, posta moja, na bandari zote chini ya shirika moja. Fundi wa reli aliweza kuhamishwa kutoka Nairobi kwenda Tabora au Kampala, na hakuna aliyemtaka aanze upya. Mwajiri wake alikuwa yule yule na kipimo kilikuwa kile kile. Hata Chuo Kikuu kilikuwa kimoja kwa nchi tatu, tangu mwaka 1963 mpaka 1970. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi wa Februari mwaka huo, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Katika miaka hiyo kila nchi ilikwenda na njia yake. Kila moja ilitunga mitihani yake na kutoa vyeti vyake.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Leo ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudani Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia. Mwaka 2009 nchi zilizokuwemo wakati huo zilitia sahihi Itifaki ya Soko la Pamoja, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 cha Itifaki hiyo kinahusu wafanyakazi kwenda nchi moja hadi nyingine. Kifungu cha 11 kinahusu kutambuliana vyeti. Yaani nchi zinakubaliana kwamba mtu akipimwa kwako, na mimi nitamhesabu kuwa amepimwa.

Nani alifaidika kwanza? Wahasibu na wasanifu majengo walipatana mwaka 2011. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania wakafuata mwaka 2012. Madaktari wa mifugo wakapatana mwaka 2016. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza kwamba elimu ya juu ya Afrika Mashariki iwe eneo moja, ili vyuo vikuu vitambuane.

Utaona kwamba hapo hakuna mwashi. Hakuna seremala wala mpishi. Sababu si dharau, ingawa mtu akisema dharau nayo imo kidogo sitambishia. Sababu kubwa ni hii. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania wana bodi katika nchi zao, na bodi hiyo ina daftari la majina. Bodi ya huku ikitaka kupatana na bodi ya kule, inajua iandike barua kwa nani. Waashi hawana bodi ya namna hiyo. Wengi wao hawamo katika daftari lolote, kama Sefu. Nchi mbili haziwezi kupatana juu ya mtu ambaye hata nchi yake haijamwandika.

Kwa hiyo safari ya fundi haianzi Horohoro. Inaanza nyumbani, siku anapokwenda kupimwa.

Hapa Tanzania upo utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Unaendeshwa na VETA, ile Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Utaratibu huu ni kwa ajili ya watu waliojifunza kazi kwa kuifanya. Fundi hujaza fomu, akaeleza kazi alizozifanya na kwa muda gani. Watu wa kumpima humhoji, halafu humtazama akifanya kazi kwa mikono. Pale anapopungua hupewa mafunzo mafupi. Akifaulu hupata cheti. Hakuna anayemtaka aache kazi akakae chuoni miaka miwili kujifunza kushika mwiko anaoushika tangu utoto. Waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi na wahudumu wa hoteli wamepata vyeti kwa njia hii. Basi wewe mama uliyepika mgahawani miaka kumi, usidhani tunazungumza habari za wanaume tu.

Fundi wa mitaani hupungukiwa wapi? Mara nyingi si katika mkono. Hupungukiwa katika kusoma ramani ya nyumba, katika kukadiria vifaa kwa hesabu, na katika kanuni za usalama kazini. Mambo mawili ya kwanza ni kusoma na kuhesabu. Ndiyo kazi ya darasa lenu hili.

Tufanye hesabu moja. Ukuta una urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2 na nusu. Eneo lake ni 6 mara 2.5, yaani mita za mraba 15. Kwa tofali la saruji lenye urefu wa sentimeta 45 na kimo cha sentimeta 23, kila mita ya mraba hula matofali yapata 10, tukihesabu na yale yanayovunjika. Basi ukuta wote unataka matofali 150. Sefu angekuambia jibu karibu na hilo kwa kuutazama tu uwanja. Lakini mpimaji anataka kuiona hesabu kwenye karatasi, kwa sababu mwenye nyumba wa mbali atanunua matofali kwa karatasi hiyo.

Sasa tuseme la daftari. Nunua daftari moja, usilitumie kwa jambo lingine. Kila kazi unayoimaliza iandike. Andika hivi:

"Nyumba ya vyumba vitatu, msingi wa mawe, kuta za tofali za saruji. Nilifanya msingi, kuta, lenta na lipu. Nilianza tarehe 4 Juni, nikamaliza tarehe 10 Agosti. Nilikuwa na wasaidizi wawili."

Chini yake mwenye nyumba aandike jina lake na kutia sahihi. Kama anayo simu, aandike na namba. Ukiweza kupata picha ya nyumba, ibandike. Daftari hili si cheti. Lakini siku utakapokwenda kupimwa, utaulizwa ushahidi wa kazi zako. Mtu mwenye daftari hujibu upesi. Asiye nalo hukaa akikuna kichwa, akijaribu kukumbuka nyumba ya marehemu mzee fulani ilijengwa mwaka gani.

Tuseme sasa Sefu amepimwa na amepata cheti. Kabla hajavuka tena, kuna shimo moja njiani ambalo mafundi wengi hawalijui. Ni shimo la namba.

Zamani Tanzania majaribio ya ufundi yalihesabiwa kwa madaraja, na Daraja la III ndilo lililokuwa la chini. Fundi alipanda kwenda la II, kisha la I, lililokuwa juu ya yote. Utaratibu uliofuata uligeuza hesabu. Katika vyeti vya ngazi, Ngazi ya I ndiyo ya chini na Ngazi ya III ndiyo ya juu. Kenya nako, majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, yanaanza Daraja la III na kupanda mpaka la I, kama yetu ya zamani.

Fikiri basi. Sefu ana Ngazi ya III ya Tanzania, ambayo ni ya juu. Anampa cheti msimamizi wa Mombasa. Msimamizi anaona tarakimu tatu za Kirumi na kudhani huyu ni fundi wa mwanzo kabisa. Mwenzake mwenye Ngazi ya I, aliyeanza juzi, anaonekana kuwa bingwa. Anapewa ghorofa. Kosa la kwanza linamnyima mtu haki yake. Kosa la pili linaweza kuua.

Ndiyo maana kutambuliana vyeti si kusema tu "cheti chako nimekikubali." Ni lazima awepo mtu wa kusema cheti hiki cha huku ni sawa na kipi cha kule. Kenya kazi hiyo imepewa Mamlaka ya Taifa ya Sifa za Elimu na Ujuzi, inayojulikana kwa herufi KNQA, chini ya sheria ya mwaka 2014. Tanzania, kwa vyeti vya ufundi vinavyotoka nje, kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET. Mkenya anayekuja kwetu na cheti chake apite hapo. Na wewe unapopewa cheti, omba pia karatasi inayoeleza ujuzi uliopimwa. Tarakimu hubadilika maana mpakani. Maneno "anaweza kusoma ramani na kujenga ukuta wenye kona" hayabadiliki.

Sasa tufunue jambo tulilolipita juu juu katika hadithi ya Sefu. Hata kama angekuwa na cheti siku ile, bado alikuwa amevunja sheria. Hakuwa na kibali cha kazi. Watu huchanganya karatasi tatu, kwa hiyo tuzitenganishe.

Cheti kinasema unaijua kazi. Leseni, au kuandikishwa, kunasema unaruhusiwa kuifanya kazi hiyo katika nchi fulani. Kibali cha kazi kinasema wewe mgeni unaruhusiwa kuajiriwa. Karatasi moja haichukui nafasi ya nyingine.

Mfano mzuri ni fundi umeme. Tanzania leseni yake ya kufunga umeme inatolewa na EWURA. Kenya inatolewa na EPRA. Leseni ya EWURA haiwashi taa Mombasa. Muuguzi naye hana budi kuandikishwa na baraza la wauguzi la nchi anayokwenda, hata awe ameuguza miaka ishirini. Kwa waashi, Kenya ina Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huandikisha mafundi stadi wa ujenzi. Msimamizi mwangalifu atauliza habari za uandikishaji huo.

Kuhusu kibali cha kazi, Itifaki ya Soko la Pamoja ina kanuni zake. Mkataba wa kazi ukizidi siku 90, mfanyakazi anatakiwa aombe kibali. Kazi isiyozidi siku 90 ina pasi yake maalumu. Tena kila nchi iliandika orodha ya kazi inazozifungulia wageni wa Jumuiya, na si kila kazi imo katika kila orodha. Kwa hiyo uliza ofisi ya Uhamiaji kabla ya kufunga mzigo, na usitosheke na jibu la dereva wa matatu. Asiye na kibali akidhulumiwa mshahara huogopa kwenda kushitaki, na mwajiri mbaya anaujua woga huo kuliko anavyojua bei ya saruji.

Limebaki jambo dogo ambalo limewarudisha wengi. Ni jina. Kitambulisho kinasema Sefu Ali. Cheti kinasema Seif Ally. Hati ya kusafiria inasema Saif Ali. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Karani wa ofisi ya mbali anaona watu watatu. Hawezi kujua ni yupi aliyepimwa uashi. Basi, leo hii kabla darasa halijaisha, tazama kitambulisho chako na uandike jina lako kama lilivyoandikwa pale, herufi kwa herufi. Jifunze kuliandika hivyo hivyo kila mahali. Kama karatasi zako zimekwisha kutofautiana, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni yako. Toa nakala za vyeti, zithibitishwe, na ziwe ndizo unazotembea nazo. Cheti chenyewe kikae mahali pakavu.

Na akija mtu kukuuzia cheti bila kukupima, mfukuze. Cheti hutolewa na ofisi yenye kumbukumbu, na ofisi ya kule ikiuliza, ya huku hutazama kumbukumbu hizo. Jina lisipokuwemo, utakamatwa wewe. Mwuzaji atakuwa amekwisha badili namba ya simu.

Sefu wa mfano wetu alirudi nyumbani baada ya miezi miwili. Alikwenda chuo cha VETA Tanga mjini akachukua fomu. Sehemu ya kwanza iliuliza jina, naye akaliandika. Sehemu ya pili iliuliza kazi alizozifanya. Alikaa na kalamu mkononi muda mrefu, kisha akaomba aruhusiwe kuirudisha fomu juma lijalo. Jioni ile alianza kuzunguka kijijini nyumba kwa nyumba, akiwauliza wenye nyumba: "Bwana, nyumba hii nilikujengea lini?"

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini msimamizi hakukubali kumpa Sefu ukuta? Ungekuwa wewe ungefanya nini?

2. Wahandisi walipatana mapema kuliko waashi. Eleza sababu kwa maneno yako mwenyewe.

3. Fundi wa Kenya mwenye Daraja la I amekuja kijijini kwenu. Je, ni fundi wa juu au wa chini? Umejuaje?

4. Ukuta una urefu wa mita 8 na kimo cha mita 3. Unataka matofali mangapi?

5. Taja kazi tatu ulizozifanya wewe kwa mikono yako. Ziandike katika daftari, kila moja na tarehe yake, na jina la mtu anayeweza kutia sahihi.